Alan Freed na Hofu ya Wazee

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, wazazi wa Marekani walipata hofu mpya: redio iliyo chumbani mwa kijana. Aliyebeba lawama hizo alikuwa mtangazaji Alan Freed, aliyezaliwa mwaka wa 1921. Kuanzia 1951, mjini Cleveland, alipiga muziki wa watu weusi usiku, na vijana weupe wakautegea sikio. Dansi yake ya 1952 ilifurika watu hata ikavunjwa. Mwaka wa 1954 alihamia New York, akavuma zaidi.

Wakubwa walidai kwamba rokenroli yapotosha watoto. Lakini wengi waliudhiwa hasa na kuona weusi na weupe wakicheza ukumbi mmoja. Mwaka wa 1958, baada ya tamasha la Boston, Freed alishtakiwa kwa uchochezi. Baadaye mashtaka yakaondolewa. Kilichomwangusha ni mlungula aliopokea ili apige sahani za waliomlipa, kosa alilolikiri mahakamani mwaka wa 1962. Alifariki mwaka wa 1965, akiwa na umri wa miaka 43.

Mlungula ulikuwa hatia, muziki haukuwa. Mlezi mwenye busara hupambanua hayo mawili kabla ya kuizima redio.