Benjamin Franklin, Aliyeipa Radi Njia ya Kushuka

Askari yeyote aliyepata kushika zamu ya usiku katika nchi ya Tororo, kuanzia Kiyeyi hadi mpakani Busia, hana haja ya kuelezwa radi ni kitu gani. Katika miaka kumi, tangu 1967 hadi 1976, mjini Tororo kulihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu iliyoingia katika vitabu vya rekodi za dunia. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwasimulie wapiganaji na polisi wetu maisha ya mtu aliyewafundisha wanadamu kuipa radi njia ya kushuka bila ya kuvunja nyumba.

Benjamin Franklin alizaliwa mjini Boston tarehe 17 Januari, 1706, katika koloni la Waingereza huko Amerika. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni, naye alipata watoto 17, Benjamin akiwa wa 15. Penye midomo mingi namna hiyo karo ya shule haitoshi, basi kijana akatolewa darasani akiwa na miaka 10. Alipofika 12 akawekwa chini ya kaka yake James kujifunza kazi ya kupiga chapa. Kaka huyo alikuwa mkali, na mwaka 1723 kijana akatoroka hadi Philadelphia. Huko alianza kwa ufukara, lakini kwa bidii akawa mwenye mtambo na gazeti lake mwenyewe, akasaidia kuanzisha maktaba mwaka 1731 na kikosi cha wazima moto mwaka 1736. Alipotimiza miaka 42 alikuwa na mali ya kutosha kuacha kazi ya chapa.

Hapo ndipo alipojitia kwa moyo wote katika jambo la umeme, ambalo siku zile lilikuwa mchezo wa kuwafurahisha wageni. Rafiki yake wa London, Peter Collinson, alimpelekea bomba la kioo la kutolea cheche kwa kusugua. Franklin alipanga chupa za kuhifadhi umeme safu kwa safu, akaziita kwa jina la kundi la mizinga inayopiga pamoja. Askari wetu wa mizinga wajue kuwa betri iliyomo katika tochi zao ilipata jina kwao. Wala hakuwa mtu asiyekosea. Tarehe 23 Desemba, 1750, alipotaka kumwua bata mzinga kwa umeme, aligusa mahali pasipostahili, akapigwa yeye mwenyewe hata akapotewa na fahamu kwa muda.

Wakati huo watu wengi wa Ulaya waliiona radi kuwa ghadhabu kutoka juu, na wingu lilipotanda walipiga kengele za makanisa ili kuifukuza. Wapiga kengele wengi walifia minarani. Tusiwacheke, maana katika vijiji vyetu pia bado wako wanaomtafuta mchawi kila radi inapoua. Franklin alidai kuwa radi ni umeme ule ule wa chupani, ila mwingi kupita kiasi, na kwamba fimbo ya chuma iliyosimamishwa juu ingeweza kuthibitisha.

Aliyelithibitisha kwanza, nasi twalitaja kwa fahari, alikuwa askari mstaafu. Tarehe 10 Mei, 1752, katika kijiji cha Marly nchini Ufaransa, mtaalamu Dalibard alikuwa amesimamisha fimbo ndefu ya chuma na kumwacha mzee Coiffier, aliyewahi kuwa askari wa farasi, ailinde. Wingu likapita, mzee hakukimbia lindo lake. Akasogeza waya na kutoa cheche katika fimbo, kisha akamwita kasisi, naye akaja mbio katikati ya mvua ya mawe. Mwezi uliofuata, kabla habari hiyo haijamfikia, Franklin alirusha tiara katika dhoruba pamoja na mwanawe William, akapata cheche katika ufunguo uliofungwa kwenye uzi. Asijaribu mtu. Mwaka 1753 Profesa Richmann aliuawa na radi mjini St Petersburg katika jaribio la namna hiyo, kwa kuwa fimbo yake haikuunganishwa na ardhi.

Hiyo ndiyo siri yote ya kingaradi: si fimbo iliyo juu, ni njia ifikayo chini. Franklin alitangaza maelezo yake wazi mwaka 1753, asidai malipo ya uvumbuzi. Majeshi yalikuwa na sababu ya kumsikiliza. Mwaka 1769 radi iliangukia ghala la baruti mjini Brescia, Italia, ikabomoa sehemu kubwa ya mji na kuua watu wengi mno. Mwaka 1772 Waingereza walimweka katika kamati ya kulinda maghala yao ya baruti huko Purfleet, naye akashauri fimbo zenye ncha kali.

Leo afisa aliye likizo Kiyeyi aweza kuwa na meza ya kazi nyumbani, yenye kompyuta, simu na mtambo wa intaneti. Yafaa ajue kuwa kingaradi cha paani huokoa nyumba, lakini hakitoshi kuviokoa vyombo hivyo. Radi ikianguka mbali hupita katika nyaya za umeme, za antena na za mtandao, na waya wa shaba unaounganisha kompyuta za nyumba mbili huwa daraja lake. Kwa hiyo kinga ya umeme unaozidi hufungwa pale nyaya zinapoingilia, na kinga zote pamoja na kingaradi chenyewe huunganishwa na erthi moja iliyozama katika udongo wenye unyevu. Kinga isiyo na erthi ni pambo tu. Na wingu likikaribia, chomoa plagi na antena mapema, si wakati ngurumo imekwisha fika kichwani.

Turudi kwa Franklin. Mwezi Januari 1756, alipokuwa anatimiza miaka 50, aliongoza wanamgambo porini kujenga ngome ya Fort Allen wakati wa baridi kali, akawa kanali. Mwaka 1776 alitia sahihi Tangazo la Uhuru, na 1778 akaipatia nchi yake msaada wa Ufaransa katika vita. Uhuru huo ulimgharimu: William, yule aliyeshika tiara pamoja naye, alibaki upande wa mfalme, na baba na mwana hawakupatana tena kwa kweli.

Liko doa ambalo hatuwezi kulificha. Mtu huyu aliyepigania uhuru alimiliki watumwa Waafrika kwa miaka mingi, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuwauza. Uzeeni aligeuka, akawa rais wa chama cha kupinga utumwa mwaka 1787, na mwezi Februari 1790 akatia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani la kuufuta. Bunge lililiweka kando. Alifariki Philadelphia tarehe 17 Aprili mwaka huo huo, akiwa na miaka 84, na watu wapatao 20,000 walihudhuria mazishi yake.