Hosking: Mpigapicha aliyepoteza jicho kwa kucha za bundi

BUNDI ni ndege anayesikika zaidi ya anavyoonekana. Mchana hujificha, na giza linapoingia huruka bila kutoa hata mvumo wa mbawa. Ndiyo maana kwa miaka mingi tangu kamera ivumbuliwe, picha nzuri za ndege huyu akiwa huru porini zilikuwa adimu mno.

Miongoni mwa watu waliobadilisha hali hiyo ni Mwingereza Eric Hosking, ambaye kazi yake ilimgharimu jicho la kushoto. Licha ya masaibu hayo, hakumchukia bundi wala hakuiweka kamera chini.

Hosking alizaliwa jijini London mnamo Oktoba 2, 1909. Alipewa kamera yake ya kwanza, kisanduku sahili cha kampuni ya Kodak, akiwa angali mtoto mdogo, na tangu wakati huo akawa akizurura vichakani kutafuta viota.

Hakuendelea sana na masomo. Baada ya shule alijitafutia riziki katika kazi ya kuajiriwa, lakini mnamo 1929, wakati uchumi wa dunia ulipoanza kuyumba, alijipata bila ajira. Kijana huyo aliyekuwa na umri wa miaka 19 aliamua kuigeuza shughuli aliyoipenda kuwa kazi ya kumpatia mkate.

Uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri. Wakati huo waliopiga picha za ndege walikuwa hasa watu wenye mapato mengine, waliofanya hivyo kwa kujifurahisha. Hosking alitegemea kuuza picha zake kwa magazeti, majarida na wachapishaji wa vitabu, pamoja na kutoa mihadhara.

Dungu na hila ya watu wawili

Kumpiga picha ndege wa porini kulihitaji subira kuliko vifaa. Hosking alijificha katika kibanda kidogo cha turubai kilichojengwa karibu na kiota. Pale ambapo kiota kilikuwa juu mtini, alisimamisha dungu refu, mithili ya lile ambalo wakulima wetu hulitumia kuamia ndege shambani.

Kibanda hakikujengwa kwa siku moja. Kilisimamishwa mbali kidogo kisha kikasogezwa hatua kwa hatua, au kikainuliwa polepole, ili ndege azoee kukiona bila kukitoroka kiota chake.

Aidha, kulikuwa na hila moja iliyotumiwa sana. Watu wawili walifika kibandani pamoja, mmoja akaingia na mwingine akaondoka kwa mwendo ulioonekana wazi. Ndege, ambaye hajui kuhesabu, aliamini kwamba hatari imekwisha na kurejea kwa makinda yake.

Kwa bundi, tatizo kubwa lilikuwa nuru. Wapigapicha wa zamani walilipua unga wa magnesi uliotoa mwanga mkali pamoja na mshindo na moshi. Katika miaka ya 1930, Hosking alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia balbu maalumu zilizojazwa karatasi nyembamba ya alumini na hewa ya oksijeni. Kila balbu iliwaka mara moja tu kisha ikatupwa, lakini iliwaka kimya.

Hata hivyo, mwanga wa taa una kanuni zake. Ukiongeza umbali kati ya taa na ndege maradufu, nuru inayomfikia hupungua hadi robo. Kwa hivyo ilimlazimu mpigapicha kuikaribisha taa na kusubiri gizani kwa saa nyingi, akitegemea masikio kujua bundi amefika, huku akiwa na nafasi moja tu ya kufyatua.

Usiku wa Mei 1937

Mnamo Mei 1937, Hosking alikuwa Doldowlod, eneo la mashambani nchini Wales, akifuatilia kiota cha bundi wa msituni mwenye rangi ya hudhurungi. Aina hiyo ya bundi inafahamika kwa ukali inapolinda makinda, na huweza kumshambulia hata binadamu.

Usiku ulikuwa umeshaingia alipokuwa akilipanda dungu lake. Hakusikia kitu. Manyoya ya bundi yana kingo laini zinazopunguza sauti ya upepo, na kwa sababu hiyo shambulio lilimfikia pasipo onyo lolote. Ukucha wa ndege huyo ulizama katika jicho lake la kushoto.

Alikimbizwa kutibiwa na hatimaye akajipata katika hospitali ya macho jijini London. Wakati huo penisilini ilikuwa bado haijaanza kutumiwa hospitalini, na jeraha lilishika maambukizi. Madaktari walimweleza kwamba jicho hilo likiachwa, huenda akapoteza na la pili.

Mtu aliyekula kwa jasho la macho yake alitakiwa kuchagua kati ya jicho moja na hatari ya upofu kamili. Alikuwa na umri wa miaka 27. Hosking alikubali jicho la kushoto liondolewe.

Wengi walitarajia kwamba huo ungekuwa mwisho wa kazi yake. Lakini hakukaa sana kabla ya kurudi vichakani kuendelea kuwafuatilia bundi. Kamera nayo hutazama kwa jicho moja, na lake la kulia lilikuwa zima. Mkasa huo, ambao ungeweza kumzika, badala yake ulilieneza jina lake.

Mbawa zasimamishwa hewani

Mnamo 1939 alimwoa Dorothy Sleigh, aliyekuwa nguzo ya kazi yake kwa maisha yake yote. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikiendelea, alishirikiana na Cyril Newberry kuandika vitabu kadhaa, kikiwemo kile cha 1945 kuhusu ndege wa usiku.

Lakini bado kulikuwa na kasoro. Mwanga wa balbu ulidumu muda wa kutosha kwa mbawa za ndege arukaye kutoka kama ukungu pichani. Suluhisho lilipatikana katika miaka ya 1940, pale mwanafizikia Philip Henry alipomtengenezea taa ya umeme iliyowaka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde.

Vifaa hivyo vilikuwa vizito na vya kuchosha kubeba porini, lakini viliweza kuisimamisha mbawa hewani. Henry pia alimwezesha kutumia mwale wa nuru ambao ndege akiukatiza, kamera hufyatuka yenyewe, kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiwezi kuifikia.

Mnamo 1948 alipata picha iliyomtambulisha kote duniani. Inamwonyesha bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, mbawa zimeinuliwa pande zote mbili, mdomoni kabeba panya wa nyasini. Kwa mpangilio wake, inafanana na ndege wanaochorwa katika ngao za kifalme.

Picha za enzi hiyo hazikukamilika porini. Katika chumba cha giza, wachapishaji walikinga kwa mkono sehemu zilizoelekea kuwa nyeusi kupita kiasi, na kuziongezea nuru zile zilizopauka, hadi kila unyoya uonekane. Leo kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta, ambazo pia huondoa chengachenga zinazotokea kamera inapolazimishwa kuona gizani.

Hata hivyo, kanuni alizofanyia kazi Hosking hazijabadilika. Hakuna programu inayoweza kurejesha kwa uaminifu jicho la bundi ambalo lenzi haikulilenga sawasawa. Vile vile, taa ikiwekwa ubavuni badala ya kukaribiana na lenzi, macho ya ndege hayawaki kwa mng'ao usio wa asili.

Ndege kwanza, picha baadaye

Hosking alikuwa mhariri wa picha wa mfululizo mashuhuri wa vitabu vya mazingira vilivyoanza kuchapishwa na kampuni ya Collins mnamo 1945. Alisafiri pia Uhispania, Bulgaria, Jordan na Pakistan katika misafara ya watafiti wa ndege. Mnamo 1970 alitoa tawasifu yake, An Eye for a Bird, jina linalocheza na ule msemo wa kale wa jicho kwa jicho.

Mnamo 1977 alitunukiwa nishani ya OBE. Alifariki Februari 22, 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Mwanawe, David, alifuata nyayo zake, na kwa ushirikiano na Martin Withers ameandika mwongozo wa wanyamapori wa Kenya, Tanzania na Uganda.

Katika maisha yake yote alishikilia kwamba usalama wa ndege hutangulia picha. Sheria za Uingereza zimekuja kukubaliana na msimamo huo. Chini ya sheria ya 1981, kumsumbua bundi mweupe akiwa kiotani bila kibali ni kosa la jinai.

Katika jamii nyingi nchini Kenya, mlio wa bundi juu ya paa ungali huchukuliwa kuwa ishara ya msiba, na baadhi ya watu humrushia mawe. Waingereza wa zamani nao walikuwa na imani kama hiyo. Kwa hakika, bundi mmoja huwapunguzia wakulima panya wengi wanaoharibu nafaka.

Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumwita bundi ndege wa nuksi, mtu huyo ni Hosking. Badala yake, alitumia jicho lililobaki kuwaonyesha wengine uzuri wa ndege huyo kwa zaidi ya nusu karne.