Ambroise Paré, Tabibu wa Majeruhi

Ambroise Paré alizaliwa Ufaransa karibu na mwaka 1510. Hakujua Kilatini kama waganga wakubwa wa siku zile. Alijifunza kazi kwa vinyozi, maana wao ndio waliopasua majipu na kufunga vidonda.

Mwaka 1537 alifuata jeshi vitani Italia. Desturi ilikuwa kumimina mafuta ya kuchemka katika jeraha la risasi, kwa kudhani kwamba baruti ina sumu. Siku moja mafuta yakamwishia. Akawapaka waliosalia dawa ya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, naye usiku hakupata usingizi, akiogopa kuwakuta wamekufa. Alfajiri akaenda kuwatazama. Hao walikuwa wamepumzika, maumivu yao kidogo. Bali waliochomwa kwa mafuta walikuwa na homa na uvimbe.

Hata damu waganga waliizuia kwa chuma chekundu cha moto, mateso makubwa kuliko jeraha lenyewe. Lakini mwaka 1552 Paré alipomkata mtu mguu, aliikamata mishipa iliyotoka damu, akaifunga kwa uzi. Damu ikakoma, na yule mtu akapona. Baadhi ya waganga wa Paris wakampinga. Yeye akaendelea kufunga. Aliwatumikia wafalme wanne, akafa mwaka 1590.