Mganga wa Karema

Maporomoko ya tope ya Mlima Hanang yalipoifikia Gendabi mnamo Desemba 2023, wengi nchini walijiuliza wawasaidieje wenzao. Si kila mtu ana fedha, wala si kila mtu ni mganga. Maisha ya Adrian Atiman yatupatia jibu.

Alizaliwa yapata mwaka 1866, karibu na Timbuktu. Angali mtoto alitekwa, akauzwa utumwani, hata Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria. Kardinali Lavigerie alikusudia baadhi ya vijana wale wawe waganga, wakae kati ya Waafrika wenzao. Basi Atiman akasomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko alitibu wagonjwa, akafundisha dini, akaoa, akalea. Mwanawe Yosefu akawa padre. Yeye mwenyewe alibaki mganga na katekista miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Enyi wazazi, msimlazimishe mtoto kuiga wema wa jirani. Tazameni kwanza amejaliwa nini, kisha mfundisheni kukitoa kwa moyo, siku zote.