Rachel Carson, Mwanamke Aliyewatetea Ndege

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mjomba kunyunyizia sukumawiki dawa ya kuua wadudu. Mjomba hubeba pampu mgongoni, mimi huteka maji mtoni. Siku ya tatu yule mama mboga akaja na magunia yake, sukumawiki zikavunwa, zikaenda sokoni. Jioni niliokota chupa tupu nikasoma yale maandishi madogo madogo. Kumbe yalisema tungoje siku 7 kabla ya kuvuna! Nilimwambia mjomba. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza pesa zangu za chakula cha mchana shuleni hutoka wapi. Nilikosa jibu. Ndipo nikaanza kumtafuta maktabani mtu aliyepambana na jambo hili kabla yangu. Nilimpata, naye ni Rachel Carson.

Rachel alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 huko Springdale, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kwao hawakuwa matajiri, lakini palikuwa na shamba na miti, na mama yake alimfundisha kuwatazama ndege na wadudu bila kuwaumiza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mnamo 1918, akiwa na umri wa miaka 11, hadithi yake ilichapishwa katika jarida la watoto. Wanachama wa Chama cha Kiswahili mwasikia hayo? Mwandishi huanza na jarida dogo kama hili letu.

Chuoni alianza kusomea lugha, kisha akabadilisha akachukua elimu ya viumbe. Alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1932. Alitamani kuendelea, lakini wapi! Pesa zilikosekana, na mwaka 1935 baba yake akafariki. Rachel akawa ndiye tegemeo la familia. Mwaka 1936 aliajiriwa na idara ya serikali iliyoshughulikia samaki. Mwaka uliofuata dada yake naye akafa, akaacha mabinti wawili, na Rachel pamoja na mama yake wakawalea. Mchana alikuwa kazini, usiku aliandika. Kitabu chake kuhusu bahari, The Sea Around Us, kilitoka mwaka 1951 kikanunuliwa kama maandazi moto asubuhi. Mwaka 1952 aliacha kazi ya serikali ili aandike tu.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, DDT ilisifiwa kote kwa kuua chawa na mbu, na mwanasayansi aliyegundua nguvu zake alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1948. Kwa hivyo tusiikashifu bure. Mgala muue na haki mpe. Shida ilianza baada ya vita, dawa hiyo ilipomwagwa ovyo. Ndege za angani ziliinyunyizia mashamba, misitu na hata mitaa ya watu, bila wenyewe kuulizwa. Mwaka 1958 rafiki yake mmoja wa Massachusetts alimwandikia barua kwa uchungu, kwamba ndege wa bustanini mwake walikuwa wamekufa baada ya dawa ya mbu kupita hapo.

Rachel akaanza kuchunguza. Aligundua kwamba dawa haikai pale ilipomwagwa. Miti ilinyunyiziwa, majani yakaanguka, minyoo ikala majani, ndege wakala minyoo, wakafa. Tai nao walikula samaki wenye sumu, na baadaye ikathibitika kwamba DDT ilifanya maganda ya mayai yao kuwa membamba hata yakavunjika kabla ya kuanguliwa. Isitoshe, wadudu wenyewe walianza kuwa sugu, mkulima akalazimika kununua dawa kali zaidi. Yaani bei ya dukani ilikuwa ndogo, lakini gharama kubwa ililipwa na mto, na ndege, na mtu aliyekula.

Kitabu chake Silent Spring kilitoka Septemba 1962. Jina lake lilimaanisha majira ya machipuko yasiyo na sauti ya ndege. Makampuni ya kemikali yaliwaka moto. Moja lilitishia kumshtaki mchapishaji. Wengine walimdharau eti ni mwanamke tu, tena hana shahada ya uzamifu. Hawakujua kwamba alikuwa akiugua saratani ya matiti. Aliificha ili wasiseme anaandika kwa hasira ya ugonjwa. Hata hivyo Rais Kennedy aliwaagiza washauri wake wa sayansi wachunguze, na ripoti yao ya Mei 1963 iliunga mkono hoja zake nyingi. Juni mwaka huo alifika mbele ya Baraza la Seneti akatoa ushahidi, ilhali mwili umemchoka. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56.

Hakuyaona matunda. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulianzisha shirika lake la mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa kwetu Nairobi.

Wako wanaomlaumu mpaka leo kwamba alisababisha watu wafe kwa malaria. Hayo si kweli. Rachel hakudai dawa zote zikatazwe. Alitaka zitumiwe kwa uangalifu, na wananchi waambiwe ukweli. Hata Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliruhusu DDT itumiwe kupigana na mbu wa malaria pale inapohitajika.

Kwetu Kenya mjadala huu haujaisha. Mwaka 2019 ombi lilipelekwa Bungeni kutaka dawa hatari za shambani ziondolewe sokoni. Wengine wakasema mkulima ataangamia. Kila upande una lake.

Nami na mjomba tumekubaliana hivi: mimi nasoma chupa, yeye anahesabu siku. Msimu huu tulingoja siku zote 7. Wadudu walitoboa majani kadhaa na mama mboga akatupunguzia bei. Mjomba alinung'unika, lakini alingoja. Hasara hiyo ndogo aliibeba peke yake, na wala wanaokula mboga zake hawajui. Je, ni haki aibebe peke yake? Au serikali na sisi walaji tumsaidie? Wenzangu, naomba swali hilo tulijadili katika mdahalo wa muhula ujao.