Al-Khalil bin Ahmad: Mwanahisabati wa Maneno

Kila mwanafunzi wa Kiswahili, awe Eldoret au Zanzibar, hukutana na istilahi ya arudhi mapema katika masomo ya ushairi. Ni wachache hata hivyo wanaomfahamu mwasisi wa taaluma hiyo, al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi.

Al-Khalil alizaliwa yapata mwaka 718 katika kabila la Azd lenye asili ya Omani, na akaishi Basra, kusini mwa Iraki. Alikuwa fukara kwa hiari. Inasimuliwa kwamba liwali wa Ahwaz alimtuma mjumbe kumwita akawafunze watoto wake. Al-Khalil alimwonyesha mjumbe huyo mkate mkavu, akamweleza kuwa maadamu anaupata, hana haja na liwali.

Kwa mujibu wa masimulizi, fikra ya arudhi ilimjia alipopita mtaa wa wafua shaba na kusikia mapigo ya nyundo. Alianza kuchanganua mashairi ya Waarabu kwa kutenganisha herufi zenye irabu na zisizo na irabu, kisha akayapa makundi yake majina ya sehemu za hema, kama vile kamba na kigingi. Mstari mzima uliitwa bayt, yaani nyumba au hema, neno ambalo ndilo asili ya ubeti. Alipata bahari 15, akazipanga katika duara tano. Bahari ya 16 iliongezwa baadaye na al-Akhfash. Ukianza kusoma duara moja mahali tofauti, unapata bahari tofauti, zikiwemo ambazo hakuna mshairi aliyewahi kuzitumia. Mwanawe alipomsikia akitamka vipimo hivyo visivyo na maana, alitoka mbio kuwatangazia watu kuwa babake amerukwa na akili.

Wazo hilo la kuhesabu yote yanayowezekana kabla ya kuchagua yaliyopo alilitumia pia katika lugha. Alizichukua herufi 28 za Kiarabu, akakokotoa maneno yote ya herufi mbili hadi tano zisizojirudia. Jumla inayonasibishwa naye ni 12,305,412. Katika kamusi yake, Kitab al-Ayn, alitenga mizizi inayotumika na isiyotumika. Aidha, aliuacha mpangilio wa kawaida wa alfabeti, akazipanga herufi kwa mahali pa matamshi, kuanzia kooni hadi midomoni. Kazi hiyo inaaminika kukamilishwa na mwanafunzi wake al-Layth. Mwanafunzi wake mwingine, Sibawayh, ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri cha sarufi ya Kiarabu.

Al-Khalil alifariki baina ya mwaka 786 na 791. Inasemekana kwamba alikuwa akitafuta njia ya hesabu iliyo rahisi kiasi kwamba hata kijakazi asingeweza kupunjwa na muuza duka. Aliingia msikitini akiwa amezama katika fikra hizo, akajigonga kwenye nguzo, na jeraha hilo likamuua.

Maisha haya yana funzo kwa mjadala wa ushairi wa Kiswahili, uliopamba moto katika miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanausasa. Arudhi ya Kiswahili ilirithi istilahi za Kiarabu, lakini si vipimo vyake. Kiswahili huhesabu silabi, mathalani mizani nane katika mshororo wa utenzi, ilhali al-Khalil alipima mfuatano wa herufi zenye irabu na zisizo nazo. Zaidi ya hayo, al-Khalil hakuwatungia washairi sheria. Aliwasikiliza waliomtangulia, akaeleza walichokifanya, na duara zake zikabaki na nafasi za bahari ambazo hazijatungwa. Anayeilinda arudhi kama amri isiyobadilika, na anayeikataa kama minyororo, wote wawili wanamsahau mtu huyu aliyesimama sokoni kusikiliza nyundo.