Mechnikov: Mwiba uliofichua askari wa mwili

Kabla ya Ilya Mechnikov, matabibu wengi waliamini kuwa seli nyeupe za damu husambaza viini vya maradhi, na kuvimba kwa jeraha ni madhara matupu. Mwaka wa 1882, mjini Messina, Italia, mtaalamu huyo wa wanyama, mzaliwa wa eneo la Kharkiv, alidunga miiba ya mwaridi katika mabuu ya kiti cha pweza. Kulipopambazuka, seli zilikuwa zimeizingira. Akatambua kwamba uvimbe ni vita vya kujikinga.

Wanasayansi wa Ujerumani walimpinga miaka mingi, wakishikilia kuwa kinga imo katika majimaji ya damu. Louis Pasteur alimpa maabara jijini Paris mwaka wa 1888. Tuzo ya Nobel ya 1908 aligawana na Paul Ehrlich, nguzo ya kambi pinzani. Kumbe pande zote mbili zilisema kweli! Alifariki 1916.